Mbwa, Viazi na Asilimia Arobaini na Moja

Jumapili, 4 Februari

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, Borghild. Kondoo, kabichi, viazi. Ukoo mzima. Jumamosi ijayo anatimiza miaka sabini na tisa, na anataka kusherehekea kibandani kwake, juu mlimani, kama kila mwaka. Mpaka hapo sawa.

Kisha akaweka uma chini. Akasema mwaka jana kuna mkwe, hakutaja jina ila alinitazama mimi tu, alimkalisha kwenye foleni ya kituo cha kuchaji magari mpaka miguu ikafa ganzi, akala soseji iliyopoa, akafika kwenye sherehe yake mwenyewe wageni wameshakula. Mwaka huu hataki upuuzi huo. "Nina wakwe wawili, na wote mna magari ya umeme. Atakayefika kibandani bila kusimama kuchaji, Pasaka ni yake."

Kibanda ni chake, na yeye ndiye anayegawa majuma. Pasaka ndilo juma lenyewe: theluji na jua kwa pamoja, watu wameegemea ukuta wa nje wanamenya machungwa. Sisi tumepewa Novemba mwaka wa tatu sasa. Novemba ni giza, mvua na panya.

Mke wangu Ragnhild halalamiki. Lakini kila Pasaka hununua machungwa, akayala amesimama kwenye kibaraza chetu hapa Drammen, uso kaugeuzia jua ambalo halipo. Inaniuma. Nataka kumwona kule juu anacheka, pua imeungua na jua.

Mpinzani wangu ni Steinar, mume wa Gunvor, dada yake Ragnhild. Mwanyumba wangu. Ana gari kama langu, aina ileile, rangi ileile. Aliniiga. Yeye anadai mimi ndiye niliyemwiga. Nilimuuliza mbele ya watu betri yake ina ukubwa gani. Akasema hajui, ila ipo chini ya sakafu.

Watu wakacheka. Nami nikaona Pasaka iko mkononi. Nikamwambia mama mkwe asafiri na mimi Ijumaa, ajionee mwenyewe. Akakubali. Steinar akaongeza viazi kwenye sahani yake, hana habari.

Jumatatu, 5 Februari

Nimemjua adui. Ni joto.

Gari la petroli hupata joto la bure, kwa sababu injini yake ni jiko linalotembea. Gari la umeme halina jiko. Ukitaka joto, linachotwa kwenye chaji ileile ya kuzungushia magurudumu. Kila mtu anayeota moto ndani ya gari langu anakula kilomita zangu. Nimeeleza haya mezani kwa kutumia siagi kama betri. Ragnhild alipaka kilomita thelathini kwenye mkate wake huku ananitazama.

Akasema mwaka jana kosa halikuwa joto peke yake. Tulibeba sanduku kubwa la skii za kutelezea thelujini juu ya paa, likashindana na upepo njia nzima. Gari liliondoka baridi. Na betri ilikuwa nusu, kwa sababu mtu mmoja alisahau kuchomeka waya. (Nilisahau mara moja tu. Wanawake wana kumbukumbu za ajabu.)

Ushauri wake: tulipashe gari joto hapa nyumbani likiwa bado kwenye waya, hapo linatumia umeme wa ukutani na si wa betri. Tukishaondoka tuwashe viti na usukani, vitu hivyo hula kidogo sana, na kile kipasha joto kikubwa kiwe cha kadiri. Basi, tutafika.

Nikamwambia ndivyo watu wanavyoharibika. Mtu huanza na kiti chenye joto, akaishia na kipasha joto. Nimepiga marufuku kipasha joto, viti, usukani, joto la kioo cha nyuma, redio, taa ya ndani na kuchaji simu. Haba na haba hujaza kibaba.

Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kila mtu akarudi kwenye gazeti lake.

Jumanne, 6 Februari

Jaribio la kwanza. Nimeenda kazini bila joto. Nje nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Ndani vilevile.

Hakuna baridi mbaya, kuna nguo mbaya tu: hilo tulifundishwa hapa kabla ya kufundishwa kusoma. Nilivaa sufu juu ya sufu, na suruali mbili. Tatizo ni uso, ambao haukuvaa kitu. Mimi nauza madirisha. Mteja wa kwanza aliniuliza bei ya madirisha ya vioo vitatu, yale yasiyopitisha baridi. Midomo ikagoma. Nikatoa sauti ya ng'ombe. Yule bwana alidhani nimepatwa na kiharusi, akanikalisha chini na kunishikia kikombe cha kahawa mdomoni. Hakununua dirisha.

Lakini nimeokoa asilimia tatu!

Mchana akili ikayeyuka na wazo likaja. Viazi. Kiazi kilichochemka hukaa na joto muda mrefu, na hakichomekwi kwenye betri. Nilirudi nyumbani na viazi vinane vya moto: viwili kila mfuko. Bado napaka paja dawa ya kuungua. Ni suala la kitambaa tu.

Nilikutana na Steinar dukani. Nilidhani nitamkuta ananunua zana. Alikuwa ananunua maji ya kuoshea kioo na mfuko wa machungwa. Nikamuuliza, kama mzaha tu, atalishindaje suala la joto. Akanitazama. "Si ninawasha? Kwani la kwako halina kitufe, mwanyumba?"

Nimemhurumia kwa dhati. Machungwa ya Pasaka ameshaanza kununua.

Jumatano, 7 Februari

Viazi hupoa. Hilo ndilo doa lao. Ninahitaji kitu chenye joto kisichopoa, kisichotumia umeme, na kinachoweza kufungwa mkanda.

Jibu lilikuwa limelala mbele ya nyumba ya jirani. Bi Aslaug ana mbwa mkubwa kuliko kochi letu. Jina lake Bispen, yaani Askofu, kwa sababu ya kidevu na jinsi anavyowatazama watu. Manyoya ya kutosha blanketi nne. Nilimkumbatia kidogo kwa ajili ya kipimo. Joto tupu.

Bi Aslaug akauliza kwa nini namkumbatia mbwa wake. Nikasema nampenda, na nataka kumpeleka mlimani akabadilishe hewa. Machozi yakamlengalenga. Akanikubalia palepale. Akanionya mambo mawili: Askofu anahema sana akifurahi, na akiwa safarini amezoea kutoa kichwa dirishani.

Nikamjibu atafuata utaratibu kama abiria wengine.

Ragnhild hana habari bado. Nitamwambia safari ikishapita.

Alhamisi, 8 Februari

Amejua. Askofu aliletwa mapema, na si rahisi kumficha kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Ragnhild akasema kwa heri, anapanda gari la Gunvor. Nikamwambia kuhusu Pasaka, na ukuta, na pua yake. Sikupanga kuyasema, yalinitoka tu. Kisha akasema atakuja, lakini si kwa ajili yangu: hawezi kumwacha mama yake peke yake na mimi na mbwa na viazi. Nimelichukua hilo kama ndiyo.

Sanduku la paani nimelitoa. Hapo nimemsikiliza, mimi si jeuri. Skii sasa zitakaa ndani, kuanzia kioo cha nyuma mpaka karibu na kioo cha mbele, zinapita katikati ya vichwa vya watu. Asiyetikisa kichwa hataumia.

Waya nimechomeka. Nimekagua mara saba.

Ijumaa, 9 Februari. Kibandani

Naandika nikiwa nimekaa karibu na jiko la kuni. Vidole vya kushoto vimerudi. Vya kulia vinatafakari.

Asubuhi nilikuta gari lina joto kama mkate uliotoka jikoni. Betri imejaa, na Ragnhild alikuwa ameliamuru kwa simu lijipashe likiwa bado kwenye waya. Alisimama pembeni anangoja ahsante. Nikafungua milango yote minne na buti. Nikaliacha wazi hadi likawa sawa na nje. Mwili ukionja joto utadai joto njia nzima. Afadhali usionje kabisa. Ragnhild aliingia ndani ya nyumba, nikasikia kabati likifungwa kwa nguvu. Akarudi amevaa koti la pili.

Mama mkwe tulimkuta nje kwake, na skii zake, na ngozi ya kondoo begani, na kikapu: jibini ya kahawia, kikwangulio chake cha jibini, chupa ya kahawa. Alipoona viazi akasema hii ndiyo safari, kizazi cha leo kimelegea. Alipoona mbwa akauliza huyu ni nani. Nikasema ni kipasha joto. Akakaa ubavuni pake, akaanza kuimba. Moyoni nikasema Borghild ndiye mtu pekee anayenielewa katika ukoo huu.

Mpaka Hønefoss tulikuwa tunaenda vizuri ajabu. Asilimia haikutaka kushuka. Nikaitangaza kwa sauti kila baada ya muda, maana redio tulikuwa hatuna.

Baada ya hapo vioo vikaanza.

Sikuwa nimefikiria pumzi. Watu watatu, mbwa mmoja aliyefurahi, viazi vinatoa mvuke. Ukungu ukatanda kwenye vioo, kisha ukaganda. Barafu ndani! Ragnhild akasema niwashe upepo wa moto wa kioo cha mbele, dakika mbili tu. Nikamwambia wahenga hawakuwa na upepo wa kioo. Akasema wahenga hawakuwa na kioo.

Basi mama mkwe akatoa kikwangulio cha jibini. Akainama katikati ya viti, kati ya skii, akaanza kukwangua kioo mbele ya macho yangu. Barafu ilitoka vipande vyembamba vilivyojikunja, sawasawa kama jibini, vikaniangukia mapajani. Nikapata tundu la kuonea, kadiri ya kisahani cha kikombe. Niliendesha hivyo bonde la Hallingdal karibu lote, shingo imepinda, mama mkwe anakwangua, Ragnhild ananisomea mabango kupitia tundu lake aliloyeyusha kwa kiazi.

Mama mkwe akaacha kuimba. Akasema hahisi magoti. Nikamwambia akumbatie mbwa. Akasema mbwa keshalowa.

Karibu na Nesbyen gari likatupita taratibu. Aina ileile, rangi ileile. Vioo vyake safi kama maji. Steinar alikuwa amevaa shati tu. Shati, tena mikono amekunja! Gunvor alikuwa anamenya chungwa, miguu juu ya dashibodi, soksi hana. Wakatupungia. Mama mkwe aliweka jicho kwenye tundu, akawatazama mpaka walipopotea mbele.

"Oddvar mwanangu," akasema polepole, "lile si ndilo gari hilihili?"

Nikamweleza kwamba wale hawafiki. Wataishiwa chaji kabla ya Gol, wataganda na mashati yao. Mama mkwe akala jibini bila kuikata, maana kikwangulio kilikuwa na barafu.

Baada ya Gol tukaanza kupanda. Askofu akakumbuka desturi yake. Akaweka mguu kwenye kitufe cha dirisha, kioo kikashuka, akatoa kichwa nje, furaha imemjaa. Kioo kikagandia huko chini, hakikupanda tena. Theluji ikaingia na kukaa kwenye kiti kama abiria wa tano. Nikasema angalau ukungu utaisha. Ukungu haukuisha. Mama mkwe alikuwa ameshaangusha kikwangulio, vidole havishiki.

Kona ya mwisho, ile ya kuingilia njia ya kibanda, naijua kwa macho yaliyofumbwa. Nikaipita hivyohivyo. Tukaingia kwenye ukuta wa theluji uliosukumwa na trekta pembeni mwa njia. Taratibu sana, kama mtu anayejilaza kitandani. Hakuna aliyeumia. Askofu tu anahema.

Nikatazama dashibodi. Arobaini na moja.

Asilimia arobaini na moja! Nikapiga kelele. Nikamgeukia Ragnhild nimkumbatie. Nikamwambia mwaka jana tulikufa nusu ya njia, leo tumebakiwa na karibu nusu ya betri, nani sasa ana sikio la kufa?

Akanitazama. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Akasema, "Kwa hiyo joto lilikuwepo. Joto la kututosha njia nzima, na likabaki. Ulikuwa umelikalia."

Nikasema ndiyo, lakini limehifadhiwa.

Mama mkwe akafungua mlango, akazivuta skii zake kutoka kati ya vichwa vyetu, akazivaa. Miaka sabini na tisa kasoro siku moja. Akapanda mlima kuelekea kibandani bila kugeuka nyuma, kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao. Nikamwambia Ragnhild, unaona mazoezi? Akasema yule anakimbilia moto.

Tulishuka, tukafuata kwa miguu. Askofu alitangulia.

Kibandani palikuwa na moshi kwenye bomba na gari la Steinar mlangoni. Alifika na asilimia tisa. Tisa! Mtu mzima, hana aibu. Nikamuuliza alisimama wapi kuchaji. Akasema hakusimama. Gunvor alilipasha gari nyumbani likiwa kwenye waya, kisha wakaja tu. Alisema hivyo, "tukaja tu", kama mtu aliyetoka sebuleni kwenda jikoni.

Akachukua koleo na kamba, akashuka kulivuta gari langu. Sikumzuia. Nilikuwa nimewekewa miguu kwenye beseni.

Jumamosi, 10 Februari

Sherehe. Keki ya krimu, mishumaa, wimbo. Mama mkwe amekaa mgongo kwa jiko, blanketi mbili, Askofu miguuni. Kwenye kibanda chenye moto anamkumbatia mwenyewe bila kuambiwa.

Kabla hajakata keki nikasimama. Nikaomba ieleweke kwamba kwa takwimu mimi ndiye mshindi. Arobaini na moja dhidi ya tisa. Nilikuwa nimepiga picha ya dashibodi. Nikaizungusha meza nzima. Shangazi mmoja alidhani ni picha ya mtoto, akasema amekua.

Mama mkwe akaisogeza simu pembeni. Akasema, "Mkwe wangu, mimi sikusema atakayebakisha. Nilisema atakayefika."

Pasaka imekwenda kwa Steinar na Gunvor.

Nilimtafuta Ragnhild kwa macho. Alikuwa anatazama nje, ule ukuta wa jua, na ndoo ya kuni imesimama pale alipokuwa akikaa utotoni. Kwa hilo sina mzaha.

Gunvor akaliona pia. Akamwambia dada yake waje wote Pasaka, nafasi ipo, kama zamani. Ragnhild akawaka uso mzima. Mama mkwe akasema na mbwa aje, ni mpole. Nikauliza na mimi? Mama mkwe akasema mimi nina Novemba yangu.

Baadaye akalegea, kwa sababu ya keki. Akasema naweza kuja, kwa masharti mawili: nisimbebe mtu yeyote, na nifike.

Jumatatu, 12 Februari

Nyumbani. Nimerudisha mbwa. Bi Aslaug anasema Askofu sasa anakataa kupanda gari lenye joto, na anauliza nimemfanya nini. Nimemwambia amekomaa.

Ragnhild alirudi jana na Steinar. Alipoingia mlangoni mashavu yalikuwa mekundu na alikuwa anaimba. Ameshanunua mafuta ya jua. Nikimtazama nafurahi, hilo naliandika wazi. Atapata Pasaka yake.

Sasa kilichobaki ni mimi kufika. Nimefikiri siku mbili, bila hasira, kama mtu wa sayansi. Betri haikukosea. Sufu haikukosea. Viazi vilifanya kazi yao. Kosa lilikuwa pumzi. Tulikuwa vinywa vinne, na kimoja ni cha mbwa. Lakini Pasaka nitasafiri peke yangu. Pumzi ni moja. Na pumzi moja, mtu akijitahidi, anaweza kuibana.

Nilimweleza Ragnhild. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama nakumbuka kwamba zilibaki arobaini na moja. Nikasema hizo ndizo msingi wangu. Akaenda kuongea na dada yake kwa simu. Walicheka sana, sijui kuhusu nini.

Leo nimefanya jaribio la kwanza: nyumbani hadi dukani, joto hakuna, kwenye kila mlima nabana pumzi mpaka juu. Kioo cha mbele safi kabisa, hakuna ukungu hata chembe. Nilikiona vizuri mpaka pale nilipoanza kuona nyota.

Nimeondoka na asilimia mia, nimerudi na tisini na sita. Gari limerudi kwa kuvutwa na Steinar, lakini ni tisini na sita.